Fungu la Nane la Namakono

Ukimshitaki mgeni, kaulize asikofika. Mmemsikia muuza vitumbua akimwambia hivyo yule kijana aliyekuwa akiwatukana vibarua waliotoka mbali, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza nani aliyeyatunga maneno hayo. Hakuna aliyekaa kitako akayatunga. Yalimtoka mwanamke mwenye hasira, na nitawaeleza yalivyomtoka.

Namakono ni kijiji cha mpunga. Zamani zile asiye na shamba alivuna katika shamba la mwenye nalo, na mila ya ujira ilikuwa moja. Mpunga ukishapurwa, mvunaji mwenyewe aliugawa mafungu manane juu ya jamvi. Mwenye shamba alichagua saba, na lililobaki, kubwa au dogo, lilikuwa la mvunaji. Kwa hiyo mvunaji aligawa sawasawa bila kusimamiwa, maana akidanganya angejidanganya mwenyewe.

Somoe alikuwa mjane, na fungu hilo la nane ndilo lililomlisha yeye, wanawe watatu na mama mkwe wake asiyeona, tangu mavuno mpaka mahindi mabichi. Hakuwa na kingine. Wavunaji wenzake walimfanya msemaji wao kwa kuwa sauti yake ilifika mbali na kwa kuwa hakumwogopa mtu.

Mwaka mmoja ukame uliwakumba watu wa milimani, wakateremka bondeni na watoto mgongoni. Bwana Ngwande, aliyemiliki karibu bonde zima, akawapa mahali pa kujenga vibanda ng'ambo ya mfereji na akawapa kazi ya kuvuna mashamba yake ya mbali. Msimu huo huo akawaita wavunaji wa Namakono akawaambia kwamba tangu siku ile mpunga utagawiwa mafungu kumi, tisa yake na moja la mvunaji.

Somoe alipofoka, Ngwande aliweka mkono kifuani kama mtu aliyefiwa. "Si mimi, mama zangu. Hawa wageni wanakubali la kumi. Nikiendelea kuwapa ninyi la nane si nitakuwa mjinga wa kijiji?"

Somoe aliyaamini maneno yale, na kijiji kizima kiliyaamini. Yalikuwa na sura ya ukweli: wageni wamekuja, fungu limepungua. Jogoo naye huwika na kukakucha, lakini nani amewahi kumshukuru jogoo kwa kuleta jua? Siku ile hakuna aliyemkumbuka jogoo. Jioni mama mkwe alitia mkono pakachani, akapapasa, akauliza, "Somoe, leo umevuna nusu siku?" Somoe akamwambia ni wageni wa ng'ambo, na chuki yake yote ikavuka mfereji kwenda kwa watu ambao hajawahi hata kuwaamkia.

Kikao kilipoitwa, Mzee Mpili, baba yake mdogo Somoe, alisema neno lililowakata watu kiu. "Mikono ikizidi na kazi ni ile ile, ujira hushuka. Hilo halihitaji elimu." Wakaafikiana kwamba baada ya sala ya Ijumaa watavuka, wabomoe vibanda na kuwarudisha wageni kwao. Lakini wageni walikuwa na vijana wenye nguvu. Somoe akatumwa Mbwengo, kijiji cha upande wa pili wa mto alikoolewa dada yake Sikudhani, akaombe wanaume wa kuongeza nguvu. Mtu wa milimani alikuwa hajakanyaga Mbwengo.

Alimkuta Sikudhani uani akitwanga. Baada ya salamu akaanza kwa kijicho, kama ndugu wanavyofanya.

"Nyie mna raha zenu, dada. Hamjaingiliwa. Mnakula fungu lenu la nane, mnalala."

Sikudhani akauacha mchi kinuni. "La nane lipi?"

"La nane la siku zote."

"Somoe, una homa? Sisi mwaka huu tunapewa la kumi."

"Kwani wageni wamefika na huku?"

"Mgeni gani? Mgeni wa mwisho kufika hapa ni wewe, tena umekuja mikono mitupu."

"Sasa mmepunguziwa kwa nini?"

"Ndege," alisema Sikudhani, akasonya. "Tajiri wetu anasema kwelea wameula mpunga, hasara tuibebe wote. Na mimi msimu mzima nimeshinda juu ya dungu nikiamia ndege! Kwelea wenyewe mwaka huu wamekuja kutusalimia tu."

Somoe akauliza ilianza lini.

"Baada ya harusi. Si binti yake Ngwande wenu aliolewa na mwana wa tajiri wetu? Jumapili wakwe wamekula biriani, Jumatatu sisi tukaambiwa mafungu kumi."

Jumatatu ile ile ndiyo Ngwande aliyoweka mkono kifuani. Somoe akakaa chini, mchangani. Biriani ile alikuwa amesaidia kuipakua mwenyewe, na wale wanaume wawili walikuwa wamekaa pembeni wakinong'ona, naye akadhani wanazungumzia mahari. Mafisadi wakubwa! Waliyakata matonge ya watoto wake hali wakilamba vidole, kisha kila mmoja akaenda kutafuta wa kumsingizia. Huku kulikuwa na wageni, akawashika wageni. Kule hapakuwa na wageni, akawashika ndege.

Aliondoka Mbwengo bila mwanamume hata mmoja. Hakwenda kwake, alivuka mfereji, akaingia kwa mara ya kwanza kwenye vibanda vya wageni. Mwanamke aitwaye Sekela alikuwa akipura mpunga, na alipomwona alisimama mbele ya watoto wake.

"Sikuja kwa shari," alisema Somoe. "Nataka kujua jambo moja. Mlikubalije fungu la kumi?"

Sekela akashangaa. "Tulikubali? Nani alituuliza? Tajiri alituambia hiyo ndiyo mila ya hapa tangu mababu zenu. Kwetu tulikuwa tukichukua la saba. Tulisema moyoni watu wa bonde hili wana mila ngumu, lakini mgeni hamfundishi mwenyeji mila yake."

"Na kwa nini hamkutuuliza sisi?"

"Mama, tangu tumefika, nani kati yenu ametuitikia salamu?"

Somoe akamwamkia pale pale, akakaa, akamweleza yote aliyoyasikia Mbwengo.

Ijumaa watu walipotoka msikitini na mapanga na marungu, walimkuta amesimama katikati ya gogo la kuvukia mfereji, kanga ameifunga kibwebwe. Sekela na wenzake walikuwa nyuma yake, ng'ambo. Watu wakadhani amechanganyikiwa.

"Wako wapi watu wa Mbwengo?" aliuliza Mzee Mpili.

"Wako kwao, wanakula fungu la kumi kama sisi!" Sauti yake ilikwenda mpaka kwenye nyumba ya Ngwande. "Wao wameambiwa ni ndege. Sisi tumeambiwa ni wageni. Na hawa wageni wameambiwa ni mila yetu! Tumefanywa majuha, makundi yote matatu!"

Mzee Mpili hakuwa mtu wa kuliachia neno lake upesi. "Mwanangu, mikono ikizidi ujira hushuka. Hilo liko palepale."

"Huenda ukashuka, baba, sibishani nawe. Pengine iko siku na iko kazi ambapo ndivyo ilivyo. Lakini Mbwengo haikuongezeka hata mkono wa mtoto mchanga, na ujira umeshuka vilevile, siku ile ile. Basi kilichoushusha huku ni nini? Ukimshitaki mgeni, kaulize asikofika! Mimi nimekwenda kuuliza. Nani mwingine amekwenda?"

Mzee Mpili alitazama panga lake, akalitia kwapani.

Ngwande alikuwa amezisikia kelele, akaja mbio. Alipoona wenyeji na wageni wamekutana kwenye gogo moja, alielewa, na mtu wa hila hakosi ya akiba. Akatabasamu.

"Haya, yaishe. Tusivunjiane heshima. Ninyi wenyeji, watoto wa nyumbani, nawarudishia fungu lenu la nane kuanzia leo. Hawa wataendelea na la kumi, maana hawajalalamika."

Msidhani ulikuwa mtego mdogo. Walichokitaka walikuwa wamepewa mkononi, na walichotakiwa kufanya ni kurudi nyumbani tu. Somoe aliliona fungu lake limerudi, akawaona wanawe wameshiba. Akageuka akamtazama Sekela. Sekela aliinamisha macho.

"Leo utatupa la nane," Somoe alimwambia Ngwande polepole. "Na mwakani utatuita tena, utuambie, mama zangu, wageni wanakubali la kumi, nifanyeje? Safari hiyo itakuwa kweli, kwa sababu leo tutakuwa tumekusaidia kuifanya iwe kweli. Hapana. La nane kwa kila mkono unaoshika kisu, au vuna mwenyewe na mkweo."

Wakaweka visu chini wote, wenyeji na wageni. Mpunga ulikuwa umekomaa, na mpunga uliokomaa haungoji mtu. Kesho yake punje zilianza kupukutika matopeni, na huko Mbwengo, Sikudhani na wenzake, waliopelekewa habari, nao walikuwa wameweka visu chini. Ngwande alizunguka mashamba yake mchana kutwa. Kabla ya magharibi akatuma neno: mafungu manane, kwa wote. Radhi hakuomba.

Mwaka wa pili mto ulifurika kweli, Ngwande akasema fungu litakuwa la kumi kwa sababu maji yamezoa mpunga. Watu walitaka kumzomea. Somoe akawakataza, akapanda mpaka vijiji vya mwinuko ambako mafuriko hayakufika, akauliza. Kule fungu lilikuwa lingali la nane. Akarudi akasema mbele ya wote kwamba safari hii Ngwande hakudanganya, na msimu ule wakalipokea la kumi, uchungu wakaumeza.

Ngwande alikasirika. "Yaani mimi, mtu mzima, mmekwenda kunichunguza vijijini kama mwizi?"

"Tumekupa haki yako, Bwana Ngwande," alijibu Somoe. "Ya kuchunguzwa kwanza kabla ya kulaumiwa, ile uliyomnyima Sekela."

Ndipo watu wakayachukua maneno yake ya pale kwenye gogo, yakavuka mto, yakapanda milimani na watu wa Sekela, mpaka yakatufikia sisi. Ukimshitaki mgeni, kaulize asikofika.