Acha na Shimo Lisilo na Kitu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kijibwa, pakawa kichuguu, pakawa fisi mwenye njaa. Mwenye sikio asogee, asiye nalo aazime la jirani.

Hapo kale palikuwa na mjane, Bibi Atuganile, mwenye mbuzi mmoja mwenye mimba na kijibwa mmoja wa manyoya magumu kama ufagio. Alikuwa wa ule uzao wa mbwa wanaofugwa kukamata panya: miguu mifupi, moyo mrefu. Akiuona mkia wake, anaufukuza: zungu, zungu, zungu. Akiuona mfuniko wa sufuria, anaubwekea mpaka ufichwe chini ya gunia. Akiona shimo, basi tena. Kutwa nzima Bibi Atuganile alikuwa akimwambia, acha. Acha mkia, acha mfuniko, acha shimo. Mwishowe kijibwa akaamini kwamba Acha ndilo jina lake, na kila akilisikia alikuja mbio.

Acha alijijua. Aliwaambia mbwa wa majirani kwamba akili anayo, ila akili yenyewe inakaa makuchani, na makucha hayamsikilizi mtu. Furaha ikimwingia, anachimba. Huzuni ikimwingia, anachimba. Hofu ikimwingia, ndiyo anachimba kupita kiasi.

Mwaka huo mvua ilichelewa, na fisi mmoja akaanza kutembea mchana kama mwenye kijiji. Alikuwa amekwisha mla mbwa wa ng'ambo ya mto, tena mbwa mkubwa, mwenye kifua. Siku moja Bibi Atuganile alimfunga mbuzi karibu na kichuguu, akamwachia Acha ulinzi, akashuka bondeni na jembe kupalilia maharage.

Fisi akatokea: chopi, chopi, chopi.

Acha alipomwona, damu ikamganda. Alitaka kubweka, sauti ikagoma. Alitaka kukimbia, akamtazama mbuzi na tumbo lake, miguu nayo ikagoma. Kilichobaki ni makucha. Akakigeukia kichuguu, penye shimo la zamani la panya, akaanza kuchimba: kwaru, kwaru, kwaru.

Fisi akasimama. Kila mnyama aliyekutana naye alikimbia au alilia. Huyu hata kichwa hakuinua. Fisi akawaza kwamba huyu hakika ameona kitu anachokipenda kuliko uhai wake.

"Mpwa wangu," akasema, "mna nini humo?"

"Hamna kitu, mjomba."

Na ilikuwa kweli. Mliwahi kuwa na panya mmoja, naye alihama mwezi uliopita. Kwaru, kwaru, kwaru.

Fisi akameza mate. Akauliza tena, mna nini. Akajibiwa tena, hamna kitu. Hapo akajua anafichwa. Akauliza mara ya tatu, na safari hii pua yake ilikuwa shingoni mwa Acha, na pumzi yake ilinuka mbwa wa ng'ambo ya mto.

Ndipo akili ya Acha ikapanda kutoka makuchani mpaka kichwani, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea.

"Hamna kitu, mjomba," akasema kwa unyonge. "Na ukikipata, tugawane nusu kwa nusu."

Fisi na kugawana, wapi na wapi? Akamsukuma Acha kando. Mbuzi amefungwa, akasema, hana pa kwenda. Aanze na cha shimoni. Akaingiza pua. Kwaru. Akaingiza kichwa. Kwaru. Akalalamika kwamba haoni kitu, na Acha akamwambia kwamba hata yeye huwa haoni. Akaingiza shingo. Akaingiza mabega. Sasa kichuguu kilikuwa kimekauka kama jiwe, na fisi ni mnene mbele, mwembamba nyuma. Alipotaka kutoka, hakutoka. Ikasikika sauti kutoka udongoni: mmm, mmm, mmm.

Hapo mbwa mwenye busara angekimbia bondeni kumwita bibi yake. Acha alilijua hilo. Akaenda hatua kumi, akasikia kwaru ndani ya shimo lake, akarudi. Akaenda hatua ishirini, akarudi. Mtu mwingine alikuwa akilichimba shimo lake, na wivu ulimuuma kuliko meno ya fisi. Akabweka kwa uchungu wa kunyang'anywa, akabweka hadi Bibi Atuganile akapanda kutoka bondeni, jembe begani, kuja kumwambia aache.

Akakuta makalio ya fisi. Aligeuza jembe, mpini mbele: pa, pa, pa. Fisi akachomoka na bonge la udongo kichwani kama kofia, akatokomea, chopichopichopi, na hajarudi tena.

Bibi Atuganile akaketi chini. Akamkumbatia mbuzi. Akamtafuta Acha ampongeze, akauona mkia tu. Kijibwa alikuwa amekwisha ingia shimoni.

"Umeniokolea mbuzi wangu," akauambia mkia.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Miaka mitatu alikuwa akimkataza, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza anatafuta nini. Akapiga magoti, akachungulia. Kweli hamkuwa na kitu. Lakini palikuwa na kaubaridi fulani, na mbele kidogo kama kona. Akasogeza udongo kwa mkono, kidogo tu, aone kona ile inaelekea wapi.

Jioni jirani yake, Mama Lusajo, alipokuja kuomba moto, alikuta jiko limezimika, mbuzi anatafuna kamba yake, na kichuguuni makalio mawili: moja lina mkia, moja lina kanga. Akainama kuuliza kuna nini. Bibi Atuganile akamwomba asogee pembeni, anawazibia mwanga.

Mama Lusajo akaweka chini kigae chake cha kuchukulia makaa, akakunja mikono ya gauni.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, nirudishieni niifukie. Na funzo lake ni hili: mwenye tabia ya ajabu aiache mapema, maana haitamfaa kitu duniani. Mimi zangu nimekwisha ziacha zote. Hii ya kusimulia nayo naiacha, naimalizia tu.