Aliyemrudisha Asajile Nyumbani

Sogeeni. Kila mmoja akae na sikio la hakimu, maana mimi nitasimulia tu. Hukumu nitawaachia ninyi.

Tukuyu, kwenye vilima vya Rungwe, waliishi mafundi watatu. Gwakisa alikuwa mchomeleaji, na kipawa chake kilikuwa sikio: akigonga chuma kwa kidole, hujua kama kina ufa ndani. Tupokigwe alisuka magurudumu ya baiskeli, na vidole vyake vilihisi spoku iliyolegea hata akiwa amefumba macho. Mzee Lugano, fundi wa breki, alikuwa ameendesha malori miaka thelathini, akaijua miteremko yote ya nchi ile na kila inachoweza kumfanyia mtu.

Rafiki yao Asajile alikuwa mwalimu, mrefu kupita kiasi. Baiskeli za dukani zilimkunja magoti mpaka kifuani. Alitamani kushindana mbio za kutoka Tukuyu kushuka hadi Kyela, walau mara moja kabla hajatimiza miaka arobaini, akawaomba wamuundie baiskeli ya kimo chake. Wakati huo mkewe, Sekela, alikuwa na mimba ya miezi sita.

Alikuja na fremu ya alumini, nyepesi kama kapu tupu. Gwakisa akaigonga, akasikiliza, akaigonga tena.

"Hii imeshavunjika, Mwalimu. Bado haijakuambia tu."

"Lakini ni nyepesi."

"Ni nyepesi, ndiyo. Siigusi."

Gwakisa akaenda nyumbani, akatoa baiskeli ya chuma aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mzee huyo, hata picha. Akaikata, akairefusha, akaichomelea upya kwa vipimo vya Asajile.

Magurudumu nayo yalizua ubishi. Asajile alitaka ya spoku ishirini, kama aliyoyaona kwenye picha za mashindano.

"Hao wa kwenye picha barabara zao hazina mashimo, kaka," alisema Tupokigwe.

Alikuwa na rimu mbili imara alizozitunza kwa ajili yake mwenyewe, kwani naye alikusudia kushindana mwaka ule. Akazitoa. Akazisuka kwa spoku thelathini na sita, akafumua na kuanza upya mara tatu, mpaka zikazunguka bila kuyumba. Mashindano yake yakaishia hapo.

Mzee Lugano hakubishana na mtu. Alizitazama breki alizonunua Asajile, akasema, "Hizi ni za tambarare." Akafungua za baiskeli yake, zilizoshika hata kwenye mvua, akazifunga kwa waya mpya. Tangu siku hiyo alikwenda shambani kwa miguu, na goti lake moja lilikuwa bovu.

Siku ya mbio, mvua iliwakuta mteremkoni. Asajile alipokata kona, lori lilikuwa limekwama, limeziba barabara karibu yote. Akabana breki. Zikashika, mwendo ukapungua, akapenya pembeni, mahali lami ilipoliwa na maji. Gurudumu la mbele likatumbukia shimoni. Spoku tano zikakatika, lakini gurudumu halikukunjika. Baiskeli ikaruka, ikagonga jiwe la ukingo. Fremu ikapinda kama kiwiko lakini haikukatika, ikamzuia asiporomoke bondeni. Aliinuka akiwa amechubuka mikono tu.

Mafundi wenyewe walipoikagua, walikubaliana bila ubishi. Breki zingeteleza, angeingia chini ya lori. Gurudumu lingekunjika, angerushwa kichwakichwa. Fremu ingekatika, angeokotwa bondeni. Wakaitengeneza tena, wote watatu.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kwa miaka minne Asajile alimbeba juu ya baiskeli ile. Kisha figo zake zikashindwa. Alipokuwa amelala hoi, alimwambia mkewe, "Baiskeli yangu apewe yule aliyenirudisha nyumbani siku ile."

Sekela alitaka kuuliza ni yupi, lakini akamwonea huruma, akasema ngoja apate nguvu kidogo. Hakuzipata.

Baada ya siku arobaini aliwaita mafundi wote watatu, akawaeleza maneno ya marehemu.

"Shemeji," alisema Gwakisa, "ndani ya chuma kile yumo baba yangu. Sasa yumo na rafiki yangu. Nikiikosa, nimewakosa wote wawili."

Tupokigwe alikuwa akiitazama mikono yake. "Mimi nitaipanda. Kwenu itatundikwa ukutani. Kaka hakuundiwa baiskeli ili itundikwe."

Mzee Lugano alikuwa wa mwisho. "Siwezi kupanda baiskeli tena, wala sina la kudai zaidi ya wenzangu. Ila miaka minne nimetembea kwa goti hili, na kila nilipomwona akipita na mtoto, sikusikia maumivu. Sasa hapiti tena. Ningependa iwe mahali ninapoiona."

Sekela alimvuta binti yake karibu. Hakuona aliyesema uongo, wala aliyetoa kidogo kuliko mwenzake. Na baiskeli haigawanyiki: ukiitenganisha, hubaki na vyuma.

Akawaomba wampe siku ya kufikiri, akaahidi kuwajibu Jumapili baada ya ibada. Wakaondoka pamoja, mmoja akimshika mzee mkono.

Leo ni Jumamosi. Wewe uliyenisikiliza tangu mwanzo, lau ungekuwa Sekela, baiskeli ile ungemkabidhi nani?