Siku Nyani Alipokosa Hakimu Wake

Paukwa!

— Pakawa!

Wewe kule nyuma, umeitikia au umepiga mwayo? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani, katika nchi ya mfalme Tembo, alikuwepo Kanga, ndege mpole. Nyani wakavuka mto kutoka ng'ambo, wakakaribishwa. Mwaka wa njaa Tembo akawaomba chakula. Wakampa, lakini wakamtaka kwanza aweke alama kwenye gome la mti lililoandikwa: "Mgeni wa ng'ambo hashikwi na mwenyeji. Akikosa, atahukumiwa na hakimu wa kwao."

Na hakimu wa kwao nani? Ngedere! Mnacheka nini? Ndivyo ilivyokuwa.

Kanga akataga. Mzee Nyani, mkubwa wa wageni, akayala mayai. Kanga akashtaki. Ngedere akamtazama Nyani, kiini cha yai kimemganda ndevuni, akasema, "Sioni kosa." Kanga akataga tena. Yakaliwa. "Sioni kosa." Akataga mara ya tatu. Jamani! "Sioni kosa," naye Ngedere analamba vidole.

"Hata kifaranga mmoja hajaniita mama!" Kanga akalia, na ilimuuma kweli.

Basi vita vikazuka ng'ambo kati ya Chui na Nyani. Chui akavuka mto, akajilaza chini ya mti wa Nyani. Mzee Nyani akachoropoka, mbio kwa Tembo.

"Mfalme, mshike Chui!"

Tembo akasema, "Kanga, hawa unawajua wewe. Zungumza nao."

Kanga alikuwa na hofu, maana Chui hula kanga pia. Lakini akajikaza. "Chui katoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi ni mgeni. Mgeni hashikwi. Mpelekeni kwa hakimu wa kwao."

"Hakimu wa kwao nani?"

"Chui mwenzake."

Nyani akarudi na ndizi. "Mgeni hashikwi." Akarudi na asali. "Mgeni hashikwi." Mara ya tatu akaja na wajukuu wamemng'ang'ania mgongoni. "Mama Kanga, unataka nini?"

"Lile gome. Lipasue kwa mkono wako."

Nyani akaguna. Kule mtini Chui akanguruma. Pwaa! Gome likapasuka.

Tembo na askari wake nyati wakamwendea Chui, vumbi likatimka. Chui akafyata mkia, akarudi ng'ambo.

"Ahsanteni," Nyani akaaga.

"Ngoja kwanza," Kanga akasema. "Tuna kesi."

"Hakimu Ngedere yuko wapi?"

"Anasubiri zamu yake ya kushtakiwa."

Tembo akahukumu: Nyani akae juu ya jiwe, ayalinde mayai mapya ya Kanga mpaka yaanguliwe. Jua likawaka, jiwe likawaka, Nyani kakaa. Siku ikafika, vifaranga wakatoka, wakamkimbilia Kanga: "Mama! Mama! Mama!" Kanga akapiga vigelegele, nchi nzima ikaitikia.

Nyani alipoinuka, manyoya ya makalio yalibaki kwenye jiwe. Mtazameni mpaka leo.

Ngano yangu naitua hapo. Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu niachieni. Na wewe wa nyuma, sasa ruksa kupiga mwayo.