Mchungaji wa Ukutani

Paukwa! Nyie wa nyuma hamjaitikia. Paukwa! Naam, Pakawa yenu nimeisikia. Sogeeni motoni, ya leo inataka watu wakae karibu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke aitwaye Nyanzobe, fundi wa kuchora kuta. Kwao, kila baada ya mavuno, wanawake walisiliba nyumba kwa udongo, wakachora ng'ombe kwa masizi na majivu ili zizi lijae. Mchungaji naye alichorwa, lakini kwa kisogo. Uso wake haukuchorwa kamwe.

Nyanzobe akachora vilima, akachora majani, akachora ng'ombe. Alipofika kwa mchungaji, mkono ukakataa kisogo. Alimpenda mno mumewe, Shigela, na uso ule ulikuwa mzuri, mimi nisingemlaumu. Akauchora wote, hadi kovu la kwenye nyusi.

Jioni Shigela akarudi kutoka malishoni, miguu imejaa masizi. Ng'ombe wa ukutani wakalia, "Mchungaji wetu, unatuacha na nani?"

"Umesikia?" Nyanzobe akauliza.

"Wananiita," mumewe akajibu, akanawa mikono.

Jioni ya pili akarudi bila kivuli. Ng'ombe wa ukutani wakalia, "Mchungaji wetu, unatuacha na nani?" Shigela hakula. Alikaa akiutazama ukuta.

Jioni ya tatu ng'ombe wa zizini wakarudi peke yao. Wale wa ukutani wakasema kwa upole, "Mchungaji wetu amekuja." Na uso wa Shigela, pale ukutani, ukapepesa macho.

Nyanzobe akachota maji aufute ukuta. Mama mkwe wake akamshika mkono.

"Ukimfuta hapo, mwanangu, umemfuta kabisa. Wamemshika kwa uso. Mgeuze."

"Nimgeuze vipi, mama?"

"Kama tulivyokufundisha."

Nyanzobe akalia sana. Akachovya kidole kwenye masizi, akapaka juu ya kovu, akapaka juu ya mdomo, akapaka juu ya macho yaliyokuwa yakimtazama, mpaka kikabaki kisogo. Ng'ombe wa ukutani wakanyamaza.

"Hodi," sauti ya Shigela ikasema nje. "Mke wangu, nina njaa."

Nyanzobe akakimbia mlangoni. Mumewe alisimama ameipa nyumba mgongo. Akazunguka mbele amtazame usoni, akakuta kisogo. Akazunguka tena, kisogo. Akazunguka mara ya tatu, akaona ni hivyo hivyo, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Wakaishi. Shigela alichunga, alicheka, na bakuli lake lilirudi tupu. Ila kila moto ulipozimwa, Nyanzobe alimwuliza taratibu, "Kovu lako bado lipo?"

"Lipo," Shigela alijibu. "Linakutazama."

Hadithi yangu naikomesha hapo. Na ukuta wa nyumba yangu, kama mlivyouona, sijauchora kitu.