Nyeusi au Nyekundu

Wapo watu ambao kazi yao ni kuwachagulia wenzao mzigo wasioubeba wao. Ndio walionunua makoti ya mvua yanayovuja mabegani, maana waliyajaribu ofisini. Ndio walioleta mabuti ya saizi moja kwa wapeleka dawa kumi na wawili. Miguu iliyochubuka haijasahau.

Safari hii ilikuwa zamu ya pikipiki. Ghala la dawa lilitaka kruza, zile za kiti cha chini na usukani mpana, na uchaguzi ulibaki kati ya mbili: nyeusi na nyekundu. Meneja, bwana mrefu kama mlingoti, alizikalia zote uani zikiwa zimesimama, akanyoosha miguu na kutabasamu kama bwana harusi. Nyeusi, alisema, ni kama kochi la sebuleni. Kisha akatangaza kwamba atakayeshindwa kuimudu atahamishiwa kufungasha maboksi.

Tangazo hilo lilimchoma Kibiriti, mama aliyepewa jina hilo kwa ufupi wake na kwa wepesi wake wa kuwaka. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepeleka dawa kwenye zahanati za milimani. Kumtoa barabarani kulikuwa sawa na kumzika akiwa hai.

Shemeji yake, fundi wa ghala, alimtania.

"Shemeji, miguu yako ikifika kwenye vikanyagio vya nyeusi, nitakula spana."

"Basi tafuta chumvi," akamjibu.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya wenzake wote, Kibiriti alimwomba meneja waende pamoja zahanati ya mbali, makasha yakiwa yamejaa: bosi kwa nyeusi, yeye kwa nyekundu. Macho ishirini na mawili yalimtazama meneja. Angekataaje? Fundi akawafuata na pikapu.

Barabara ya lami ilipokwisha, kochi likageuka kuwa jiwe. Vikanyagio vya nyeusi vilikuwa mbele mno, hivyo meneja hakuweza kujiinua kwa miguu. Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Kwenye uwanja mwembamba wa zahanati alikata kona kali, ncha ya usukani ikamponyoka mkononi, na pikipiki ikalala naye taratibu matopeni. Fundi alimwinua bila kucheka, jambo lililomgharimu sana.

Kibiriti alipoikalia hiyo nyeusi, ilimbidi ateleze hadi ukingoni mwa kiti, na bado vidole vya miguu viligusa hewa.

"Si pikipiki mbaya," alisema. "Ni ya mtu mrefu anayetembea kwenye lami. Sisi hatuna miguu hiyo, wala lami hiyo."

Nyeusi ilirudi ndani ya pikapu kama mgonjwa, Kibiriti ameketi kando yake. Meneja alirudi na nyekundu, ambayo vikanyagio vyake viko chini ya magoti. Alipofika aliungama kwamba mgongo umepona, ila magoti yanambana.

"Yakubane tu, bosi," Kibiriti akasema. "Kesho si wewe unayepeleka dawa."

Meneja akacheka, kwa mara ya kwanza tangu matope. Jioni hiyo aliagiza nyekundu kumi na mbili, akaandika kwa mkono wake kwamba ghala halitanunua tena kifaa ambacho mtumiaji wake hajakijaribu kazini siku nzima.

Na wasikie wote wanaowaamulia wengine wakiwa vitini: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.