Mji Uliokimbiwa na Bahari

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na bahari!
Na sasa iko wapi?
Tusimulie!

Basi sogeeni motoni, na wewe hapo, zima simu. Hapo zamani za kale, huko Uyunani, palikuwa na mji wa Halia, na bahari ililamba mlango wake. Humo aliishi Filina, mshona matanga. Dada yake, Mirto, aliolewa ng'ambo. Siku ya kupanda merikebu alimwambia, "Usilie, mdogo wangu. Maji yanayonichukua ndiyo yatakayonirudisha."

Filina akangoja. Akangoja. Akangoja. Mirto kimya. Na bahari nayo ikaanza kuondoka. Gati likabaki matopeni. Merikebu zikatia nanga mbali, kisha hazikuja kabisa.

Watu wakakimbilia kwa kuhani Arkesi, mtu wa kitambi na majibu. "Nani kaiudhi bahari?" Hawakuuliza kwa nini, hata! Waliuliza nani!

"Wavuvi," akasema. Wakachinja mbuzi. Bahari ikasogea mbali.

"Nani?"

"Wajane." Wakachinja fahali. Bahari ikasogea mbali zaidi.

"Nani?"

Kuhani akakuna kitambi. "Mirto! Aliondoka bila kuaga miungu. Siku akikanyaga hapa, tunamtosa!"

Case closed. Makofi. Watu hupenda sana jibu lenye jina la mtu.

Filina akajitoa kwenye umati. Yule aliyekuwa akimwombea aje, sasa amwombee asije?

Akashuka matopeni. Akamkuta mwari, ndege mwenye mfuko mdomoni. "Ndege, nani kaifukuza bahari?"

"Si mimi, mimi navua tu."

Akamkuta kaa. "Kaa, nani kaifukuza bahari?"

"Si mimi, mimi nachimba tu. Na usinikanyage, please."

Akaufikia mto, mnene, wa rangi ya kahawia. "Shikamoo, mto. Nani kaifukuza bahari?"

"Marahaba. Si mimi, mimi nashuka tu."

Filina akageuka aende zake. Akasimama. "Ngoja. Tuachane na nani. Unashuka na nini?"

Mto ukapunguza mwendo. Tangu uanze kutiririka, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. "Sijui, binti. Sijawahi kujitazama."

Filina akateka bakuli la maji, akaliacha litulie. Maji yakatakata. Chini, tope.

Akalibeba hadi sokoni. "Tazameni! Mto unashusha hili kila siku. Linajaza ghuba, bahari inasukumwa. Hakuna aliyeiudhi bahari!"

"Anamtetea dada yake huyo!" kuhani akafoka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Na mimi msiniamini. Nendeni mkateke wenyewe."

"Eti wenyewe!" Muuza zeituni akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini akaenda. Aliporudi hakuwa akicheka. Mwingine akaenda, na mwingine, hadi mji mzima ukawa umeinamia mabakuli kama watu wanaochungulia chungu cha jirani. Evidence hiyo, mheshimiwa kuhani! Mirto akafutiwa hatia palepale.

Filina alikuwa anaanza kutabasamu muuza zeituni alipomuuliza polepole, "Sasa, dada, kama bahari haijakasirika, tumwombe nani irudi?"

Hapo ndipo ilipomchoma. Tope halina masikio. Mto haubembelezwi. Dada yake alikuwa salama, na gati lilikuwa limekufa. Alitamani, jamani, alitamani angalau awepo mmoja tu aliyekasirika, amwangukie miguuni, alie, asamehewe.

Akafunga nguo kiunoni, akaanza kutembea kwenye tope, kule maji yalikokuwa yakimetameta.

"Unakwenda wapi wewe?" kaa akamuuliza.

"Yalipo maji. Dada alisema ndiyo yatakayomrudisha."

"Na yakisogea?"

"Nitasogea."

Na mimi ngano yangu imefika ukingoni. Funzo lake: ukiuliza nani, utapata wa kumpiga, ukiuliza nini, utapata ukweli, nao hautakukumbatia. Kuhani je? Aah, yule kazi yake aliendelea nayo. Wenye majibu hawafutwi kazi. Wenye maswali ndio hao mnaowaona barabarani, vyeti kwapani. Mwenye usingizi akalale. Mwenye swali abaki.