Moshi wa Shangazi

Sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni amlegezee kanga naye asikie, na mwenye chungu jikoni akipunguzie moto. Hadithi yangu si ndefu, ila mwisho wake nitawaachia ninyi, na msiponisaidia leo sitapata usingizi.

Palikuwa na kijiji bondeni, kinaitwa Kwembago, kimezungukwa na milima kama mtoto aliyepakatwa. Katika kijiji hicho waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Bi Nyange, mfinyanzi. Yeye alijaliwa macho. Akichoma vyungu hakusogelea moto, alikaa kando akiutazama moshi. Ukiwa mweupe alisema, "Bado vina maji hivi." Ukiwa mweusi alisema, "Kuni zimezidi." Na chungu cha Bi Nyange hakikupasuka motoni hata siku moja.

Wa pili ni Mzee Kilua, muuza mihogo ya kukaanga. Yeye alijaliwa pua. Ukipita mbele yake na sahani uliyoifunika, atakwambia kilichomo na nyumba kilikotoka. Watu walimpenda, ila mwenye siri ya jikoni alimkwepa.

Wa tatu ni Semeni. Macho yake ya kawaida, pua yake ya kawaida. Alijaliwa kumbukumbu. Watoto walimwita Redio, lakini walikosea, maana redio husema yote, na Semeni alikumbuka yote akasema machache. Alijua ni nani alimpelekea nani unga mwaka wa ukame, na nani alimbeba nani mgongoni mto ulipofurika, hata kama wenyewe wamesahau.

Basi. Palikuwa pia na gari.

Lilikuwa gari la zamani la rangi ya buluu, taa zake za mviringo kama macho ya mtu aliyeshangaa. Mwenyewe alikuwa Mzee Singano, mzee asiye na mke wala deni. Lilikuwa gari pekee kijijini, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: kupeleka wanawake wenye uchungu hospitali, ng'ambo ya mlima, kona kumi na tisa za kupanda. Kwa kuwa lilifika kila mtoto alipokaribia kuzaliwa, watu waliliita Shangazi. Mzee Singano hakumtoza mzazi hata senti. Ukimshukuru alikasirika. "Nenda kanyonyeshe," alisema, akafunga mlango.

Mwaka huo Shangazi akaanza kukohoa. Mwanzoni moshi kidogo, kisha mwingi, kisha ukawa moshi wa kufunika kuku na watoto barabarani. Akaitwa fundi kutoka mjini. Fundi alisimama mbali, mkono puani, akasema, "Mzee, injini imekwisha hii. Ama ringi za pistoni zimelika oili inapenya, ama silinda hedi, hiki kichwa cha injini, imepasuka maji yanaingia. Vipuri vyake havipo tena duniani. Uza chuma."

Mzee Singano alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu akatuma ujumbe kwa mnunuzi wa chuma chakavu, aje Jumamosi.

Sasa mjueni Sihaba, kwa sababu hadithi hii ni yake.

Sihaba alikuwa mke wa Mhina, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi. Ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza uchungu ulimshika wakati Mzee Singano yuko safarini, wakampakia kwenye tela la trekta, na mtoto akazaliwa kona ya saba, juu ya magunia. Aliishi siku moja. Mpaka leo Sihaba akipita kona ya saba hutazama upande wa pili.

Aliposikia habari ya Jumamosi, alikuwa bombani anateka maji. Aliiweka ndoo chini. Alikwenda mikono mitupu hadi kwa Mzee Singano, na wanawake wote wa bombani wakamfuata.

"Babu," alisema, "mimi sina cha kukupa. Lakini nasema mbele ya hawa wote: atakayemponya Shangazi, huyo ndiye atakayempa mwanangu jina. Sitamuuliza ni jina gani. Nitaliitikia."

Kumwachia mtu jina la mtoto wako si jambo dogo. Hata Mhina, alipoambiwa, alikuna kichwa kwa muda mrefu. "Umeshasema?" aliuliza. "Nimeshasema." "Basi tumeshasema," alijibu, na Sihaba akampenda upya.

Ijumaa asubuhi Mzee Singano alikuwa ameshafungua boneti, spana mkononi. Aliamua angalau afungue silinda hedi, atazame palipopasuka, ingawa alijua kabisa kwamba akiifungua hana gasketi mpya ya kuizibia. Akiifungua, imefunguka moja kwa moja.

"Weka chini hiyo spana!" Ilikuwa sauti ya Bi Nyange, anakuja na shuka jeupe begani. "Mtu hapasuliwi kabla hajaangaliwa ulimi. Piga stati."

"Nyange, hii ni injini, si chungu."

"Na moshi ni moshi. Piga."

Shangazi akanguruma, akakohoa. Bi Nyange alimpa Sihaba pembe moja ya shuka, yeye akashika nyingine, wakalitandaza nyuma ya bomba kama wanaoanika. Moshi ukapita mbele ya weupe ule.

"Haya, niambieni, rangi gani?"

"Mweupe," walisema watu.

"Weupe wa wapi? Tazameni ukiwa karibu na shuka. Una ubuluu, kama wa uji unaoungulia. Moshi wa maji mimi naujua, nimeishi nao miaka arobaini. Ni mweupe, mzito, na hupotea upesi. Huu haupotei, unaning'inia. Humu hamna maji. Kichwa cha Shangazi kizima! Haya yanayoungua ni mafuta ya injini."

Mzee Singano aliitazama spana yake kama nyoka, akaiweka chini taratibu. Kama asingezuiwa, hadithi yetu ingeishia hapa.

Lakini mtu mmoja kule nyuma akasema, "Mafuta ndiyo hizo ringi alizosema fundi. Kifo ni kilekile." Na nyuso zikaanguka tena.

Hapo Mzee Kilua akaacha karai lake la mihogo. Alikuja amefunga aproni, akainama kwenye bomba la moshi mpaka watu wakadhani ameanguka. Alivuta pumzi. Alivuta tena. Akapiga chafya mara tatu.

"Afya, mzee!" walimcheka.

"Chekeni. Mimi nakaanga tangu hamjaota meno." Akajifuta pua. "Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi yana harufu yake, chungu, ya kushika kooni. Injini iliyozeeka ingenuka hivyo. Haya siyo. Haya ni oili mbichi. Mpya kabisa. Inanuka kama karai lililojazwa pomoni mpaka yanamwagikia motoni. Singano, umeweka oili lini?"

"Sijaweka tangu kabla ya Ramadhani."

"Basi pua yangu imekufa, ama kuna mtu anaweka."

Mzee Singano akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kina alama mbili, ya chini na ya juu, na oili inatakiwa iishie katikati. Kijiti kilikuwa kimelowa mpaka pa kushikia.

"Kila siku nakiona kimelowa," alisema polepole. "Nilidhani ndiyo afya."

Watu wakatazamana. Oili imetoka wapi? Mzee wa watu amerogwa? Kuna adui? Wakaanza kunong'ona majina, na mnajua kijiji kikianza kunong'ona majina.

Semeni alikuwa amesimama karibu na ua, hajasema neno tangu asubuhi. Sihaba alimwona midomo inamcheza. Alimwona akiifunga, akiifungua, kama mtu anayebeba yai mdomoni.

"Dada Semeni," Sihaba alimwita kwa upole. "Wewe huamka kwenda bombani kabla ya wote. Kuna kitu?"

"Kipo. Lakini si changu."

"Ni cha nani?"

"Ni cha watu wema. Aliyetenda wema kwa siri, nani anipe ruhusa ya kumtangaza?" Macho yake yalijaa. Kisha akatazama tumbo la Sihaba. "Lakini mtoto hana kosa. Mnisamehe wote."

Akaanza kusema, bila kupaza sauti.

"Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mboga, unarudisha sahani na chumvi, au ndimu, au chochote. Mzee Singano anatubeba, na shukrani hapokei. Sasa tangu lile duka la barabarani lianze kuuza oili kwenye chupa za soda, watu wamepata njia. Mama Chausiku alipojifungua mapacha, mumewe alikuja alfajiri, akafungua boneti kimya kimya, akamimina chupa moja. Wiki iliyofuata, jirani yao Singo. Kisha Bi Mdoe, na hajui hata kufungua boneti, alisaidiwa na mwanawe. Kisha wale wa ng'ambo ya mto. Nimewaona kumi na mmoja. Kila mmoja alidhani yuko peke yake."

Mihogo ya Mzee Kilua ikaungua karaini, asiigeuze mtu.

Mtu wa kwanza kuinua mkono alikuwa Sihaba. "Na mimi," alisema, uso umemwiva. "Aliponipeleka kliniki. Nilimimina chupa na nusu. Nusu ilikuwa ya Mhina."

Mkono mwingine ukainuka. Na mwingine. Mzee Singano aliwatazama mmoja mmoja.

"Mnataka kuniulia Shangazi kwa heshima?" alisema. Kisha akacheka mpaka machozi, na kijiji kizima kikacheka naye.

Wakalegeza nati chini ya injini, wakakinga ndoo, oili ya shukrani ikashuka, nzito na safi, mpaka ndoo ikakaribia kujaa. Wakafunga. Wakapima. Kijiti kikasoma katikati ya alama mbili.

Stati. Shangazi akanguruma. Na moshi ukatoka uleule.

Oo! Mioyo ilivunjika. Mzee Kilua peke yake alisema, "Karai hata ukipunguza mafuta, yale yaliyokwisha kumwagika lazima yaungue kwanza. Mpandishe mlima."

Mzee Singano akaondoka peke yake. Sihaba alisimama bondeni, mkono kiunoni, akiufuata ule mstari wa moshi kati ya miti. Kona ya kwanza, mzito. Ya tatu, mzito. Ya tano, umekuwa mwembamba kama uzi. Kona ya saba, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, hakugeuza uso. Alitazama. Gari la buluu lilipita pale likimeta juani, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila miti na anga.

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, hata ng'ombe waliacha kula.

Jumamosi asubuhi uchungu ukamshika. Shangazi akapanda na Sihaba, mkunga, na Mhina aliyesahau viatu. Kona ya kumi na mbili wakakutana na lori linashuka. Njia ni nyembamba, ikabidi lori lirudi nyuma kuwapisha. Lilipofika kijijini dereva akauliza, "Nimekuja kuchukua gari bovu. Liko wapi?"

"Ndilo lile ulilolipisha njiani," Semeni alimjibu. "Karibu mihogo."

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, analia kwa nguvu. Siku ya saba nywele zikanyolewa, mkeka ukatandikwa, na Mzee Singano akabandika karatasi kwenye boneti: SHUKRANI LETENI NDIZI. Na watatu wale wakaja kudai jina.

"Mimi niliizuia spana," alisema Bi Nyange. "Hedi ingefunguliwa, pua na kumbukumbu zingefaa nini? Nimezika watoto wanne bila kupata wa kumwita jina la mama yangu. Nimpe jina la mama yangu."

"Shuka lako lilisema mafuta, na mafuta ndiyo fundi aliyoyaita kifo," alijibu Mzee Kilua. "Mimi ndiye niliyesema oili ni mpya. Bila hilo nani angechomoa kijiti? Marehemu mke wangu alikuwa na jina zuri, na hakuna anayelitaja tena ila mimi."

"Mlijua oili ni nyingi, ndiyo, mkaanza kusaka mchawi," alisema Semeni. "Kama nisingesema, ndoo moja ingepungua, na alfajiri ya pili watu wema wangeijaza injini tena. Ninyi mmetoa vipawa vyenu, vimebaki kuwa vyenu. Mimi nilitoa siri za watu, sasa wakiniona bombani wananyamaza. Ninalo jina. Sitalitaja mpaka niitwe."

"Si tumpe yote matatu?" Mhina alijaribu.

"Mwanangu," bibi yake alimkatiza, "mtoto ana mdomo mmoja wa kuitikia. Mkeo aliahidi jina moja kwa mtu mmoja, na ahadi haikatwi vipande kama mkate."

Mwenye kuomba dua ameinua mikono, anangoja. Mtoto amelala mapajani pa Sihaba, ngumi moja imeshika ncha ya kanga yake. Mbele yake wameketi watatu: aliyeona, aliyenusa, na aliyekumbuka. Bila mmoja wao, huyu mtoto labda angezaliwa kona ya saba.

Sihaba ameinua uso. Amefungua mdomo.

Haya, mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, mtoto asiendelee kukaa bila jina: mngekuwa ninyi Sihaba, mngemgeukia nani?